Shubh na Labh: Kipimo cha Mfanyabiashara Chini ya Milima ya Upare

Usiku wa Diwali, kabla ya kufungua hesabu za mwaka mpya, sisi wafanyabiashara wa asili ya Gujarati huyaleta madaftari yetu mbele ya Ganesh, Lakshmi na Saraswati. Ibada hiyo twaiita Chopda Pujan. Katika ukurasa wa kwanza huandikwa neno Shri, mstari chini ya mstari, hata yakawa maandishi yenye umbo la mlima. Na pembeni huandikwa maneno mawili, Shubh na Labh. Jirani zetu wa Ngujini, Usangi na Ugweno, ambao hupokea sahani ya mithai siku hiyo, wametuuliza mara nyingi maana yake. Labh ni faida. Shubh ni heri. Wazee wetu waliitanguliza heri, faida ikafuata. Katika kumbukumbu hii ya hekalu letu tumeona inafaa tujiulize kama historia yetu katika nchi hii imeufuata mpangilio huo, au tuliugeuza.

Tusijifanye watawa. Duka lisilopata faida hufungwa, na likifungwa, mtu wa milimani hulazimika kushuka hadi tambarare kutafuta chumvi na mafuta ya taa. Fedha humwambia mwenye duka kama kesho atafungua mlango, na hilo si jambo dogo. Swali letu ni kama inaweza kumwambia zaidi ya hapo.

Neno hundi, ambalo Waswahili wamelizoea, lilivuka bahari pamoja na wazee wetu. Hundi ilikuwa karatasi tu. Thamani yake ilikuwa katika jina la aliyeandika na uaminifu wa aliyeandikiwa. Kila mtoto wa Kigujarati amesimuliwa habari ya Narsinh Mehta, mshairi maskini wa Junagadh wa karne ya 15. Mahujaji waliokuwa wakienda Dwarka walitafuta tajiri wa kuwaandikia hundi, na wenye mzaha wakawaelekeza kwake. Naye akaandika, kwa jina la Shamalsha Seth, mfanyabiashara ambaye hakuna mtu Dwarka aliyemjua. Mahujaji walipokata tamaa, Krishna mwenyewe akatokea katika sura ya tajiri huyo, akalipa. Ni kisa cha dini, lakini tazameni kinavyomtukuza mtu asiye na kitu kwa sababu hundi yake ililipwa.

Huku Afrika Mashariki, karne ya 19, nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch, ilikodi ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa miaka mingi, na Sultani mwenyewe alikuwa mdaiwa wake. Kwa kipimo cha fedha, wachache waliwazidi. Lakini leo ukiuliza jina hilo mitaani, ni nani atakayekujibu? Muulize badala yake mgonjwa yeyote wa Muhimbili kuhusu Sewa Haji. Huyu, aliyekuwa Mwismailia na si Mhindu kwa dini, alitajirika kwa kuzipatia bidhaa na wapagazi safari za bara. Akatoa fedha zake kujenga hospitali Dar es Salaam, na shule Bagamoyo kwa sharti kwamba ipokee watoto wa rangi zote. Alifariki mwaka 1897, na jengo la Muhimbili bado linaitwa kwa jina lake. Hata hivyo tusimfanye malaika: biashara ya misafara ilikuwa na mabega yaliyochubuka chini ya mizigo, na mabega hayo hayana jengo.

Katika milima yetu biashara ilikuwapo kabla ya Mhindu yeyote. Wahunzi wa Ugweno waliyeyusha chuma na kukiuza hata kwa Wachaga. Reli iliyotoka Tanga ilipofika Moshi, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndipo maduka ya watu wetu yalipoongezeka kando ya njia. Watani wetu husema Mpare na Mhindi walielewana upesi kwa sababu wote wawili hawapendi kuachia senti. Sisi twasema walielewana kwa sababu wote wawili huikumbuka.

Wapo kati yetu walioligeuza neno la kwanza likawa la pili. Kibaba cha kununulia mahindi kilikuwa kikubwa kuliko kibaba cha kuuzia. Sukari ilifichwa ikingoja bei ipande. Hayo yalitendeka, na jirani zetu wanayajua kuliko tunavyodhani.

Wapare wenyewe walikwisha kutoa hoja kubwa juu ya kupima mali ya mtu. Wakati wa ukoloni wa Kiingereza ilianzishwa kodi iliyoitwa mbiru, iliyomtaka kila mtu alipe kwa kadiri ya utajiri aliokadiriwa kuwa nao. Mwaka 1945 maelfu walishuka Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko kuipinga. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo ameiandika habari hiyo vizuri. Sisi wenye maduka twaisoma kwa namna yetu: ng'ombe na migomba vinahesabika, lakini aliyehesabiwa alijua kwamba hesabu ile haikuwa yeye.

Kisha zamu yetu ikafika. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wengi wa jamaa zetu wakafungasha kwenda Leicester na London. Mwaka 1976, Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini. Hatuandiki haya kwa kudai. Nia ya kuondoa unyonyaji twaielewa, ingawa chumvi haikupatikana kwa urahisi baada yake. Lakini kwa wale waliojipima kwa nyumba na duka, kipimo kiliondoka pamoja na kilichopimwa. Lakshmi twamwita Chanchala, asiyetulia mahali pamoja. Tulikuwa tukiliimba jina hilo bila kulisikia.

Duka la wazazi wetu, lililowahudumia watu wa Ngujini, nalo lilifungwa. Tunalo daftari lake. Majina ya Kipare yameandikwa kwa herufi za Kigujarati, na ukurasa wa kushoto una madeni: khanga, jembe, sabuni, sukari ya msiba. Baada ya kufungwa hapakuwa na namna ya kumdai mtu. Baadhi walikuja kulipa hata hivyo, mmoja kwa kuku, mwingine kwa mikungu miwili ya ndizi, wengine hawakuja. Ukurasa wa kulia una amana, yaani fedha ambazo wateja waliziacha dukani kwa usalama. Hizo baba alizilipa kwanza, kabla ya kununua mkate wa nyumbani, na kila iliyolipwa akaipiga mstari mmoja.

Imebaki moja. Ni shilingi 40 za mama mmoja wa Ngujini, ambaye hakurudi kuzichukua. Leo kiasi hicho hakinunui kiberiti. Kila Diwali salio hilo huhamishiwa katika daftari jipya, chini ya Shubh na Labh, kwa jina lake lile lile. Jamaa zake wakija watalipwa. Tutawalipa kwa thamani gani, hilo bado tunabishana nyumbani: vijana wanatumia kikokotoo, na mama yetu anasema ng'ombe.