Asili ya Grappa, Pombe ya Machicha ya Zabibu

Leo twataka kueleza habari za grappa, pombe kali ya Waitalia: jinsi ilivyopatikana, na jinsi jina lake linavyowapoteza watu wengi.

Kila mwenye kukuna nazi ayajua machicha: tui likisha kukamuliwa, hubaki makapi ambayo hutupiwa kuku. Zabibu nazo ni vivyo hivyo. Zikisha kukamuliwa kwa divai, hubaki maganda, kokwa na vikonyo. Zamani, katika Italia ya kaskazini, divai njema mara nyingi ilikuwa mali ya wenye mashamba, na wakulima maskini wakabakiwa na machicha. Walakini hawakuyatupa. Yakisha kuchachuka, waliyatia katika chombo cha shaba chenye kifuniko, wakayapasha moto. Mvuke ukapita katika mrija, ukapoa, ukadondoka kuwa maji makali. Kazi hiyo yataka uangalifu mkubwa, maana matone ya kwanza yana sumu, nayo hayana budi kumwagwa.

Elimu hii ya kukeneka haikuzaliwa Italia. Ilikuzwa na wataalamu wa nchi za Kiarabu, na ushahidi umo katika lugha: chombo hicho Waitalia hukiita alambicco, neno lililotoka katika Kiarabu, al-anbiq.

Sasa na tulitazame jina. Upo mji uitwao Bassano del Grappa, karibu na mlima Grappa. Hapo, penye daraja la mto Brenta, Bortolo Nardini alifungua nyumba ya kuuzia pombe hiyo mwaka 1779. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba pombe yaitwa kwa jina la mji. Sivyo. Mji huo uliitwa Bassano Veneto hata mwaka 1928, ulipopewa jina la mlima kwa kuwakumbuka askari waliokufa huko vitani mwaka 1917 na 1918. Jina la pombe ni la zamani zaidi, nalo lina asili moja na neno grappolo, yaani kichala cha zabibu.

Mwaka 1989 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilitunga sheria kwamba pombe ya machicha iliyofanyizwa Italia ndiyo peke yake iitwe grappa. Basi jina linalolindwa leo kwa sheria halikutoka mlimani wala kwa matajiri, bali shambani, kwa watu waliojua kutumia kilichoachwa na wengine.