Usambara, Milima ya Kupumzishia Maofisa

Lushoto iko katika Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Barabara inayotoka Mombo hupanda kwa kona nyingi kupitia Soni, kilomita zipatazo 33, na abiria aliyeanza safari akitokwa jasho kwenye joto la mashamba ya mkonge hufika akitafuta sweta. Kwa sababu ya ubaridi huo Wajerumani waliuchagua mji huu, wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaiser wao, Wilhelm II, na wakauzoea kama mahali pa kuwapandisha watumishi wa serikali na walowezi waliochoshwa na kazi za pwani.

Uchovu huo ulikuwa na jina la kitabibu. Mwaka 1869 daktari George Beard wa New York alieleza maradhi aliyoyaita neurasthenia, yaani udhaifu wa neva: mtu hukosa usingizi, huumwa kichwa, huchoka bila kubeba kitu, na kazi ndogo humshinda. Beard alilaumu maisha ya kisasa, yakiwemo mashine za mvuke na telegrafu. Madaktari wa makoloni waliuchukua utambuzi huo wakaubadilishia mshtakiwa. Sasa kosa likawa la jua. Mwaka 1905 Charles Woodruff, daktari wa jeshi la Marekani, alitoa kitabu kizima akidai kwamba mwanga wa nchi za joto huharibu neva za mtu mweupe. Wajerumani nao walikuwa na neno lao, Tropenkoller, wazimu wa nchi za joto. Frieda von Bülow, aliyewahi kuishi Afrika Mashariki, alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1896. Neno hilo liliwafaa sana wakubwa: ofisa aliyewapiga watu viboko kupita kiasi aliweza kuhesabiwa kuwa mgonjwa wa hali ya hewa. Neva za waliopigwa hazikumshughulisha mtu.

Hoja ya kupanda milimani ili kukwepa malaria ilikuwa na msingi zaidi. Mwaka 1898 Robert Koch, aliyekwisha kupata sifa kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu, alifika Usambara kuchunguza homa. Wenyeji wa milimani, Washambaa, walimweleza kwamba huugua wanaposhuka nyikani, na kwamba wanaowaletea ugonjwa ni mbu wa huko chini. Koch aliyaandika maelezo yao. Katika miaka hiyohiyo Ronald Ross, huko India, alikuwa akithibitisha kwa darubini jambo ambalo Mshambaa aliyeshuka bondeni hakuhitaji kuambiwa. Vijiji vingi vya Washambaa vilikuwa vimejengwa kwenye kingo za juu, migomba ikiwa karibu na nyumba na mashamba mengine yakiwa chini nyikani.

Mwanzoni safari ya kupanda ilikuwa ya miguu, na asiyejiweza alibebwa kwa machela mabegani mwa wapagazi. Ujenzi wa reli ulioanza Tanga mwaka 1893 ulifika Korogwe mwaka 1902, kisha Mombo mwaka 1905, na tangu hapo kazi ya wapagazi ikabaki ni ya mlimani tu. Wugiri, juu ya Korogwe, palikuwa na nyumba ya kuuguzia Wazungu. Tiba yenyewe haikuwa na mambo mengi: hewa ya baridi, kulala, matembezi na chakula cha kwao. Shamba la serikali la Kwai, lililoanzishwa mwaka 1896, lilijaribu viazi, mboga za Ulaya na ng'ombe wa maziwa.

Mapumziko hayo yalitegemea mikono ya watu wasiopumzishwa. Kwanza ilikuja kodi ya nyumba, iliyowasukuma watu kutafuta ujira. Kisha mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ikaanzisha kadi ya kazi: kila mwanamume mwenyeji alitakiwa kumtumikia mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliokwisha kupangwa.

Tofauti hiyo kati ya waliopumzishwa na waliofanyishwa kazi inaonekana wazi zaidi Lutindi, katika milima hiyohiyo. Wamisionari wa Kiprotestanti walifungua kituo hapo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 wakaanza kupokea Waafrika wagonjwa wa akili. Wagonjwa hawa waliuguzwa kwa kazi: kulima, kufuga, ufundi. Mzungu aliyevurugika akili aliandikiwa kupumzika. Mwafrika aliyevurugika aliandikiwa jembe. Lutindi ingali hospitali ya akili hadi leo.

Waingereza waliiteka Usambara mwaka 1916, na jina la Wilhelmstal likaondoka. Nao pia walipanda Lushoto kwa likizo, lakini utambuzi wa neva zilizochomwa na jua ulikuwa ukipoteza watetezi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, na neurasthenia haimo tena. Uchovu unaotokana na kazi umo, lakini kama hali ya kazini itokanayo na msongo usiodhibitiwa vizuri, si kama ugonjwa. Wanaopanda Lushoto siku hizi kutoka Dar es Salaam na Tanga hulala katika nyumba za wageni, baadhi zikiwa za zama za walowezi, hutembelea genge la Irente na msitu wa Magamba, na hawahitaji cheti cha daktari.