Njia Mbili Zilizokutana Kuluva



Tulipokuwa tukianza somo la ngeli, mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni kwamba wingi wa "mti" ni "wati". Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua alikotoka. Alikuwa ameona mtu na watu, mtoto na watoto, mgeni na wageni, akatunga kanuni kutokana na mifano aliyokuwa nayo. Njia yake ilikuwa halali. Mifano yake ndiyo iliyokuwa michache.

Juma lililofuata nilikwenda kinyume. Nilianza na kanuni: kila chenye uhai hufuata ngeli ya A-WA, ndiyo maana twasema "kifaru analala" na si "kifaru kinalala". Binti mmoja wa kutoka Koboko akainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, mti hauna uhai?" Kanuni yangu ikaangushwa na mti uleule uliomwangusha mwenzake, nami nikalazimika kuitengeneza upya mbele ya darasa zima.

Hizo ndizo njia mbili za utafiti. Ya kwanza huanzia kwenye mambo mahususi yaliyoonekana na kupanda hadi kwenye kauli ya jumla. Vitabuni utaikuta ikiitwa mkabala wa indaktivu. Ya pili huanza na kauli ya jumla, ikashuka hadi kwenye jambo moja linaloweza kupimwa, kisha ikatazama kama kauli hiyo itasimama au itaanguka. Huo ndio mkabala wa dedaktivu. Mimi nitaziita kupanda na kushuka. Wanafunzi wengi hukariri maana zake kwa ajili ya mtihani, wakaamini kwamba mtafiti huchagua moja na kuiacha nyingine. Historia ya wilaya yetu ya zamani ya West Nile inaonyesha vingine.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto wa kiume aliyekuwa na uvimbe pande zote mbili za taya, juu na chini. Burkitt hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo. Baada ya muda mfupi alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani na kumwona mtoto mwingine, safari hii msichana, mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Mtoto mmoja ni ajabu tu. Watoto wawili ni swali.

Alirudi Mulago akafukua kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya watoto 38. Tena ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni: Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha katika kumbukumbu zake habari za mtoto mwenye uvimbe wa taya. Taarifa zilikuwepo kwa miaka mingi; aliyekosekana ni mtu wa kuziweka pamoja.

Sasa angalia namna Burkitt alivyopanda. Hakukimbilia kutaja kisababishi. Aliuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: ugonjwa huu unaonekana wapi, na wapi hauonekani? Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za Afrika, akiwaomba madaktari wamjibu. Kisha mwezi Oktoba 1961 alifunga safari ya wiki kumi kwa gari aina ya Ford lililokwisha kutumika, kutoka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika. Walikwenda maili 10,000 hivi, yaani takriban kilomita 16,000. Wenzake walikuwa wawili: Cliff Nelson na Ted Williams. Huyu Williams alikuwa daktari mmisionari wa Hospitali ya Kuluva, iliyopo kusini mwa mji wa Arua, ambayo baadhi yenu mnaipita mkielekea Nebbi.

Katika safari hiyo, jibu la "hapana" lilikuwa na uzito sawa na jibu la "ndiyo", na hapo ndipo nataka usimame kidogo. Daktari aliyesema hajawahi kuona uvimbe ule alikuwa anachora mpaka wa ramani. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa nadra katika sehemu zilizozidi mwinuko wa futi 5,000 hivi. Kadiri walivyozidi kwenda kusini, mpaka huo ulishuka, hata ukafika futi 1,000 tu. Kwa hiyo siri haikuwa mwinuko wenyewe, bali joto. Mahali palipokuwa na baridi, ugonjwa haukuonekana. Mvua nayo ilihusika, kwa kuwa sehemu kame zilisalimika. Hapa Uganda, nyanda za juu za Kigezi na Ankole ziliathirika kidogo mno, ilhali West Nile na maeneo mengine ya joto yaliathirika sana. Kama Burkitt angalitembelea hospitali zenye wagonjwa tu, angalirudi na orodha ndefu asiweze kujua lolote.

Williams naye alirudi Kuluva akaendelea kuandika kila mgonjwa, alikotoka na lini alianza kuumwa. Mwaka 1967 yeye na wenzake wawili walichapisha matokeo yao: katika miaka ya 1961 hadi 1965, wagonjwa wa West Nile walielekea kutokea karibu karibu, kwa mahali na kwa wakati, kama moto unaoruka kutoka nyumba hadi nyumba. Lilikuwa jambo la kusisimua. Lakini data za miaka iliyofuata zilipoongezwa, dalili hiyo haikujitokeza sawasawa katika kila kipindi. Ndiyo hatari ya kupanda: ngazi ni mifano yako, na kesho inaweza kuleta mfano usiolingana na ya jana.

Niruhusu nitoke nje ya hospitali kidogo, maana sisi wa Arua na Koboko tunaijua hatari hiyo kwa sura nyingine. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka Aprili 1979, wako waliomtazama mtu mmoja na askari wake, wakatoa kauli juu ya watu wote wa West Nile: wote ni watu wa Amin. Hakuna aliyetafuta mfano wa kinyume, ingawa mifano ilikuwa imejaa kila kijiji. Watu wengi mno walikimbilia Zaire na Sudan. Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, jirani na Arua, waliuawa na askari. Ukiulizwa kwa nini somo la kufikiri vizuri limo katika elimu ya uraia, anza na Ombaci.

Turudi kwenye ramani. Ramani haisemi kisababishi, inaalika dhana. A. J. Haddow, aliyekuwa katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alitambua kwamba mipaka ile ya joto na mvua inafanana na mipaka ya magonjwa yanayoenezwa na mbu. Basi ikazaliwa nadharia tete: huenda kuna kirusi kinachosababisha saratani hii, na mbu ndiye anayekibeba. Machi 1961 Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wamekiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo.

Je, kazi imekwisha? Hapana, na hapa ndipo ilipobidi kushuka. Ilibainika kwamba kirusi hicho kimeenea duniani kote, na huenezwa kwa mate, si kwa mbu. Watu wazima karibu wote wanacho. Kumkuta mtu mahali pa wizi hakuthibitishi kwamba yeye ndiye mwizi. Pengine ni mpita njia tu. Dhana zikawa kadhaa. Ya kwanza: kirusi kinahusika, na hudhuru mtoto anayekipata mapema na kwa wingi. Ya pili: kirusi kinahusika, lakini humdhuru anayechelewa kukipata. Ya tatu: kirusi ni mpita njia aliyeingia baada ya uvimbe kuanza. Kila dhana ilitabiri jambo tofauti litakaloonekana katika damu ya mtoto kabla hajaugua.

Unawezaje kupata damu ya mtoto kabla hajaugua, nawe hujui ni nani atakayeugua? Lazima uchukue ya wengi mno. Guy de-Thé, kutoka shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililopo Lyon, Ufaransa, pamoja na wenzake wa Uganda na wa nje, walifanya hivyo hapa West Nile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wenye umri wa hadi miaka 8, wakaigandisha na kungoja. Katika watoto hao, 14 waligundulika kuwa na ugonjwa kufikia matokeo yalipochapishwa mwaka 1978. Damu yao ya awali ilitolewa na kulinganishwa na ya watoto wenzao. Waliougua walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi hicho tangu kabla ya uvimbe kuonekana. Dhana ya pili na ya tatu zikapata pigo. Ya kwanza ikasimama.

Na mbu je? Aliondolewa kwa mlango mmoja akarudi kwa mwingine. Habebi kirusi, bali hubeba malaria, na malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto dhidi ya kirusi hicho. Burkitt mwenyewe alikuwa ameona kwamba Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa, ugonjwa ulikuwa nadra ijapokuwa kuna joto na mvua. Dhana hii nayo ilishushwa hadi kwenye kipimo: kati ya 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka 10 huko Mara Kaskazini, Tanzania, walipewa klorokwini. Wagonjwa wa saratani hiyo walipungua. Ila walikuwa wameanza kupungua hata kabla dawa haijagawiwa, na baada ya muda malaria ilipanda tena ingawa dawa iliendelea kutolewa. Watafiti waliandika hivyo hivyo, bila kupaka rangi. Mimi nauheshimu ukurasa huo kuliko kurasa nyingi za ushindi.

Unapoandaa pendekezo lako la utafiti, usiniandikie tu kwamba "nitatumia mkabala wa dedaktivu". Niambie kauli unayoipima imetoka wapi, na ni jambo gani ukiliona utakubali kwamba umekosea.

Kuna swali moja ambalo bado halijaniondoka. Watoto wale 42,000, wale waliojaliwa kuishi, sasa wamefikia au wanakaribia umri wa miaka 60. Pengine mmoja wao anakaa mtaani kwako hapa Awindiri. Ukimpata, mwamkie kwa adabu, kisha muulize siku ile mkono wake uliposhikwa na sindano ikaingia, aliambiwa damu yake inakwenda kufanya nini, na kama kuna mtu yeyote aliyerudi kumweleza ilichosema. Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe. Halafu mtafute wa pili.