Kinga ya moto shuleni na katika vituo vya watoto wadogo: Mpanda na mkoa wa Katavi

Kinga ya moto shuleni ni jumla ya masharti ya ujenzi, vifaa, usimamizi na mazoezi yenye lengo la kuzuia moto usizuke na, ukizuka, kuwawezesha watoto kutoka kabla moshi haujawazidi. Nchini Tanzania masharti hayo yanatokana na sheria za nchi nzima, na Katavi haina kanuni zake za pembeni. Hata hivyo sharti lilelile lina uzito mwingine likifika Mpanda, kwa sababu ya umbali, misitu ya miombo na kiangazi kinachoanza Mei na kuishia Oktoba.

Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ina wilaya za Mpanda, Mlele na Tanganyika, eneo la kilomita za mraba zipatazo 45,800 na, kwa sensa ya 2022, watu 1,152,958. Makao makuu yako Mpanda, mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua. Gari la zimamoto likitoka hapo kwenda Karema ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, au Inyonga upande wa Mlele, lina zaidi ya kilomita 100 mbele yake. Godoro la sponji likishika moto, bweni hujaa moshi wa sumu kwa dakika chache. Kwa hiyo katika shule nyingi za mkoa huu kikosi cha kwanza cha uokoaji ni matroni, mlinzi na wanafunzi wenyewe, na karibu kila kitakachowaokoa lazima kiwe kimejengwa ndani ya jengo siku nyingi kabla. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, hupigwa mara moja bila kujali umbali, lakini hakuna bweni linalopaswa kupangwa kwa kuitegemea hiyo tu.

Sheria na wanaoisimamia

Sheria kuu ni Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, iliyotungwa mwaka 2007. Ndiyo iliyoweka jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Maafisa wake wana mamlaka ya kuingia katika jengo, kulikagua, kumwelekeza mmiliki arekebishe kasoro, na kutoa cheti cha usalama ambacho huhuishwa kila mwaka baada ya ukaguzi na malipo ya tozo.

Kwa upande wa elimu, shule husajiliwa chini ya Sheria ya Elimu, Sura ya 353, na hufuatiliwa na wathibiti ubora wa shule. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vina njia nyingine: viko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na anayehusika navyo katika halmashauri ni afisa ustawi wa jamii. Nyumba moja mtaani Kashaulili au Makanyagio, mjini Mpanda, ikiwa na chumba cha watoto wa miaka mitatu na darasa la awali la watoto wa miaka mitano, inaweza kujikuta inajibu kwa ofisi mbili, mbali na zimamoto. Ofisi zikiwa tatu, kila moja huweza kudhani kwamba mlango wa nyuma umeshaangaliwa na mwenzake.

Mlango, nondo na kufuli

Sharti la mlango ndilo lenye historia ndefu kuliko yote, na lilianzia mahali ambapo hapakuwa na moto hata kidogo. Tarehe 16 Juni 1883, katika ukumbi wa Victoria Hall mjini Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa kwa kubanana wakikimbilia zawadi, kwa kuwa mlango wa chini ya ngazi ulifunguka kwa ndani na ulikuwa umekazwa kwa komeo ukaacha upenyo wa mtoto mmoja tu. Kisa hicho kilichangia kuzaliwa kwa mlango wa dharura wenye mtaimbo unaosukumwa kwa kifua, na kuifanya kawaida kwamba mlango wa mahali penye watu wengi ufunguke kuelekea nje. Umati unaosukuma kutoka ndani huufungua mlango wa namna hiyo wenyewe. Ule unaofunguka kwa ndani, umati huohuo huufunga.

Afrika Mashariki imelipia somo hilo mabwenini. Huko Bombolulu, Kwale, nchini Kenya, Machi 1998, wasichana 26 walikufa kwa moto. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67. Katika misiba yote miwili kulikuwa na mlango uliofungwa na madirisha yenye nondo. Tanzania ilishapoteza watoto wake kabla ya hapo: Juni 1994 moto wa usiku katika Sekondari ya Shauritanga, Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40. Agosti 2009 walikufa wasichana 12 wa Sekondari ya Idodi, Iringa, katika moto uliohusishwa na mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea baada ya taa kuzimwa. Septemba 2020 walikufa wanafunzi 10 wa Shule ya Msingi ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Nchini Kenya, Septemba 2024, Hillside Endarasha Academy ya Nyeri iliwapoteza wavulana 21, na hiyo ni nchi iliyokuwa na mwongozo wa usalama shuleni tangu 2008. Mwongozo huo unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda, njia ya mita 2 katikati, mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, yote ikifunguka kwa nje, na madirisha yasiyo na nondo. Vipimo hivyo si sheria ya Tanzania, ila fundi wa Mpanda anayechora bweni leo hatapotea akivifuata.

Nondo haziwekwi kwa ujinga. Wizi upo, na mkuu wa shule ya wasichana anaogopa zaidi mtu anayeruka ukuta usiku kuliko moto ambao hajawahi kuuona. Mzazi naye, akija kumwandikisha binti, huuliza juu ya uzio na geti. Ni nadra aulize mlango wa bweni unafunguka upande gani. Ndiyo maana amri ya kung'oa nondo zote haishiki. Linalowezekana ni kutengeneza dirisha moja au mawili ya kila bweni yawe na fremu ya nondo yenye bawaba, inayofunguliwa kwa ndani kwa kitasa bila ufunguo. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa mchomeleaji yeyote wa mjini. Kufuli la nje nalo halina utetezi. Bweni likishalala, ama mlango unafungwa kwa komeo la ndani ambalo mtoto wa darasa la tatu analifikia, ama anayeshika ufunguo analala humo humo. Ufunguo uliotundikwa nyumbani kwa mwalimu, ng'ambo ya uwanja wa mpira, ni sawa na ufunguo uliopotea.

Msongamano unafuata hapohapo. Dabo deka zikiongezwa kwa sababu wanafunzi wameongezeka, kinachopungua ni njia ya katikati, na matranka hujazwa mbele ya mlango wa pili ambao hautumiki. Mkaguzi makini hupita bwenini saa mbili usiku, wala si saa nne asubuhi, maana mchana kila kitu kimepangwa.

Moto unakotoka

Umeme wa Mpanda kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli, ukikatika na kurudi. Mazoea ya kipindi hicho yamebaki: kibatari na mshumaa chini ya kitanda, hasa majira ya mitihani. Taa za sola zinazochajiwa zimepunguza hatari hiyo kuliko onyo lolote la mstarini. Pale umeme upo, hatari ni nyaya zilizoungwa kienyeji, soketi moja inayobeba chaja kumi, pasi iliyosahauliwa na hita za kuchemshia maji zinazotengenezwa na wanafunzi wenyewe. Pia ziko hujuma: moto mwingi wa mabweni katika ukanda huu umewashwa kwa makusudi na wanafunzi wenye manung'uniko. Sanduku la maoni la wanafunzi, au baraza lao linalosikilizwa kweli, lina nafasi katika kinga ya moto kama mtungi wa kuzimia moto ulivyo na nafasi.

Jikoni mambo yanabadilika. Serikali imezitaka taasisi zinazopikia watu wengi ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwisho wake. Kwa jiko la shule lililozoea mafiga na magogo ya miombo, gesi inahitaji akili mpya. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi, hutambaa sakafuni na kutuama mtaroni au chini ya meza ikingoja cheche. Hivyo mitungi hukaa nje ya jengo, wima, katika kibanda chenye matundu chini, na mpishi anayesikia harufu hagusi swichi ya taa, awe anawasha au anazima.

Kisha kuna moto wa porini. Kuanzia Juni nyasi zimekauka, na watu huchoma kwa sababu zao: kusafisha mashamba, kutafuta majani mabichi ya mifugo, kurina asali kwa kienge. Shule iliyopakana na msitu, kama zilivyo nyingi upande wa Mlele na Tanganyika, huhitaji barabara ya moto: ukanda uliolimwa au kufyekwa mpaka udongo uonekane kuzunguka eneo lote. Watu wa misitu na nyuki wanaijua kazi hiyo vizuri kuliko walimu, na wakati wake ni Mei, majani yakiwa bado yana unyevu. Mvua zikirudi Novemba huja radi. Januari 2025 iliua wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, Bukombe, mkoani Geita. Kinga radi juu ya paa la darasa ni sehemu ya somo hili ingawa huwekwa katika bajeti nyingine.

Vituo vya watoto wadogo

Mtoto wa miaka miwili hakimbii moto. Hujificha: uvunguni, kabatini, nyuma ya pazia. Aliyelala mchana haamshwi na king'ora kwa urahisi, na akiamka humtafuta mlezi wake, hata kama mlezi yuko upande wa moshi. Kwa sababu hiyo masharti ya vituo hutegemea idadi ya mikono. Mlezi mmoja hubeba wawili. Chumba chenye wachanga wanane na walezi wawili kinahitaji safari mbili, na hakuna anayehakikishiwa ya pili. Wachanga hulazwa chumba cha chini kilicho jirani na mlango, na orodha ya waliofika siku hiyo hutundikwa pale mlezi atakapoichukua akitoka.

Jirani naye ni sehemu ya hatari. Huko Hermosillo, Mexico, Juni 2009, moto ulianzia katika ghala lililopakana na kituo, wakafa watoto 49. Doha, Mei 2012, kituo cha watoto kilikuwa ndani ya jengo la maduka la Villaggio lililoshika moto. Kati ya watu 19 waliokufa, 13 walikuwa watoto. Vituo vingi vya mijini kwetu ni nyumba za kuishi zilizopangishwa, ukuta mmoja na duka la mafuta ya taa, fundi chereheni au muuza mitungi ya gesi. Nyumba ya namna hiyo ilijengwa kuzuia watu wasiingie: mlango wa chuma, kisha wavu, kisha geti lenye kufuli. Afisa anayekagua anaweza kuuliza jambo moja tu akaelewa kituo chote: ufunguo wa geti uko wapi sasa hivi?

Vifaa na mazoezi

Madarasani hutosha mtungi wa poda kavu, ndoo za mchanga na maji. Katika maabara na ofisi yenye kompyuta hufaa mtungi wa kaboni dioksidi, na jikoni blanketi la kuzimia moto kwa ajili ya mafuta ya kukaangia, ambayo hayamwagiwi maji kamwe. Mshale wa mtungi wa poda unapaswa kuwa kwenye kijani. Matumizi ni mafupi: vuta pini, lenga kitako cha moto, bana, fagia kushoto na kulia. Mtungi uliofungiwa stoo ili usiibwe haufai kitu, na ndipo ulipo mara nyingi.

Zoezi la kutoka halihitaji fedha. Kengele ni ileile rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, ila mlio wa moto uwe tofauti, wa mfululizo. Mahali pa kukusanyikia ni uwanja wa paredi, ambapo kila darasa tayari linajua mstari wake, na kuhesabu namba kunafanyika kila asubuhi. Kinachokosekana ni kulifanya usiku, gizani, watoto wakitambaa kwa sababu hewa safi iko karibu na sakafu. Klabu za zimamoto shuleni, ambazo jeshi linazihimiza, hufanya vizuri zikipewa zoezi hilo badala ya ngonjera za kumkaribisha mgeni rasmi.

Wanaobaki nje ya masharti

Shule shikizi, zilizoanzishwa ili watoto wadogo wasitembee mbali, nyingine zikiwa za miti na nyasi, mara nyingi hufundisha kabla ya kusajiliwa, kwa hiyo huishi kabla ya ukaguzi. Bahati yao ni kwamba ukuta wa nyasi hautegi mtu, mtoto huupenya. Wanafunzi wa sekondari za kata wanaopanga vyumba vijijini, magetoni kama wanavyopaita wenyewe, hawana bahati hiyo. Wanapika, wanasoma na kulala katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, jiko la mkaa ndani na mlango uliofungwa kwa hofu ya wezi, bila matroni wala mtungi. Mbele ya sheria ya zimamoto mtoto huyo ni mpangaji tu, na chumba chake ni nyumba ya mtu.