Usitupe Kipande: Historia Iliyoshonwa Kwenye Kiraka



Wahenga walituachia neno: usitupe mbachao kwa msala upitao. Sisi tunaopenda kuunga vipande vya vitambaa tunalichukua neno hilo mpaka kwenye nguo, maana hatuwezi kupita mtaani bila kutupia jicho kilichoanikwa uani kwa watu. Na katika mitaa tulivu ya Nyakisasa, huku Ngara mkoani Kagera, sisi watu wa visiwani hatukosi cha kutazama.

Kanga iliyochakaa imekuwa mbeleko ya mtoto. Kipande chake kingine kimeviringishwa kikawa kata chini ya ndoo ya maji. Kitenge kilichopasuka kimetiwa kiraka cha rangi nyingine. Barazani kwa fundi cherehani mabaki ya vitambaa hayatupwi, yanasubiri kujazwa kwenye mto wa kulalia. Wengi wetu tumezoea kusema hiyo ni dalili ya umaskini. Historia ya nguo zetu inasema vingine.

Zamani, kabla pamba haijaenea, watu wa nchi za magharibi ya Ziwa Victoria walivaa ngozi na nguo za magome. Waganda ndio waliosifika zaidi kwa kazi hiyo. Gome la mti wa mutuba huchunwa, kisha hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka likalainika na kutanuka. Palipotoboka pakashonewa kiraka cha gome hilohilo. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Basi kiraka hakikuja na mitumba. Kilikuwapo tangu zamani, ndani ya kazi ya mafundi wenye sifa.

Pamba ya dukani ilifika bara kwa misafara ya pwani. Iliyotawala ilikuwa merikani, kitambaa kizito kisichotiwa rangi, kilichopata jina lake kwa sababu kilitoka Marekani. Njiani nguo ilikuwa fedha. Mwaka 1861 wasafiri Waingereza Speke na Grant walipopita Usui, upande wa Biharamulo, walizuiliwa kwa siku nyingi mpaka walipomlipa Mtemi Suwarora hongo ya nguo, nyaya na shanga. Nguo inayoweza kufungua njia ya msafara mzima, nani angekitupa kipande chake?

Sasa turudi kwetu visiwani, kwenye kanga. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za rangi zilizochapwa mfululizo kwenye gora moja. Walikata leso sita, wakazipanga tatu juu na tatu chini, wakaziunga kwa uzi zikawa nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona wanawake wanavyoipenda, wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mtindo huo. Pindo na mji tunaoujua leo vilifuata baadaye. Kumbe vazi tunalojivunia lilianza kama kazi ya kuunga vipande!

Na lilibeba jambo zito. Wanawake waliokuwa watumwa walivaa merikani au kaniki, nguo zisizo na maua wala mapambo. Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar, ingawa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Waliopata uhuru walijitahidi kununua kanga. Mwanamke aliyekuwa jana akitambulika kwa kaniki, leo alijifunga doti yenye rangi kama mwanamke mwingine yeyote wa mjini. Hakuhitaji kutoa hotuba. Kila aliyemwona barabarani alielewa.

Wapo pia ndugu zetu waliovushwa bahari. Katika jimbo la Karnataka nchini India wanaishi Wasidi, kizazi cha Waafrika ambao wengi wao walifikishwa huko kupitia Goa wakati wa Wareno. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi, yaani shuka nene la vipande vya nguo kuukuu. Huanzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, kwa sindano ya mkono na mishono midogo iliyonyooka. Kwenye pembe huongeza vitambaa vidogo vilivyokunjwa, waviitavyo phula, maana yake maua. Bila maua hayo, wanasema mfarishi uko uchi. Wapo Waislamu, Wakristo na Wahindu miongoni mwao. Watoto hulala juu ya nguo za mama na bibi zao.

Ndiyo maana tunaona uchungu tukikuta sanduku la marehemu limefunguliwa na kanga zake zimefanywa matambara ya kupigia deki siku hiyohiyo. Bibi zetu wengi hawakuachiwa nafasi ya kuandika vitabu. Walichoacha ni nguo: aliyovaa siku ya harusi, aliyombebea mwana, aliyojifunika wakati wa msiba. Tukizitupa tumechoma daftari lao. Isitoshe, dini zetu zimetuusia kuepuka israfu.

Basi dada, kabla hujashika mkasi, muulize mama hiyo kanga ilikuwa ya nani na aliipata lini. Kata sehemu iliyo nzima, iweke pamoja na kipande cha shangazi na cha bibi, upige bandi polepole jioni baada ya kazi. Jina la kila mwenye kipande ulishone kwa uzi upande wa nyuma, ili mjukuu atakayejifunika ajue amelala mapajani kwa nani.