Alama ya Tarishi

Neno tarishi ni la zamani katika Kiswahili. Maana yake ni mtu atumwaye na barua au habari, na hata leo twalisikia maofisini. Kabla ya njia ya reli iliyotoka Tanga kufika Korogwe, mwaka 1902, barua zilipanda milima ya Usambara kwa miguu ya watu kama hao. Alama ya tarishi wa zamani ilikuwa ufito uliopasuliwa nchani, na barua imebanwa katika ufa. Ufito uliikinga karatasi na jasho la mkono, tena ulitangaza kwa mbali ya kuwa mchukuzi yumo katika kazi ya mwingine. Wazee husema, Mjumbe hauawi; lakini asiyejulikana kuwa ni mjumbe, nani atamwacha apite?

Huko Uingereza alama hiyo ilikuwa nguo. Mwaka 1793 wapeleka barua wa London walipewa koti jekundu lenye mapindo ya buluu, kofia yenye utepe wa dhahabu, na vifungo vya shaba vyenye nambari ya kila mmoja. Wekundu ulimwonyesha mtu kwa mbali, na nambari ilimtambulisha: aliyekawia njiani aliweza kushtakiwa hata na asiyejua jina lake. Mwaka 1861 wekundu uliachwa, kwa kuwa ulionyesha uchafu upesi, ikatwaliwa buluu.

Basi ufito na kifungo vina kazi mbili: kumlinda mchukuzi, na kumlinda mwenye barua. Sare ya arusini yaonyesha umoja wa wavaao. Sare ya tarishi yaonyesha ya kuwa amebeba amana, naye ataulizwa habari zake.

Katika nchi yetu barua huwekwa katika sanduku la posta, wala kwa kawaida hazifiki mlangoni. Kwa hiyo barua ya mtu wa Bungu yaweza kungoja katika sanduku la shule au la kanisa, hata atokee mwanafunzi au jirani wa kuichukua. Siku hizi barua ni chache kwa ajili ya simu, lakini vyeti na hati zingali zapita njia hiyo, na hati moja ikipotea, mtu aweza kukosa haki yake. Mchukuzi huyu hana koti wala kifungo.

Yatupasa sisi walimu na mapadre kumfundisha asifungue, asikawie, wala asimkabidhi asiyehusika. Tena ni vema kuwa na daftari, iandikwe siku, jina la mchukuzi, na hesabu ya barua alizopewa. Daftari hilo litakuwa badala ya nambari ya kifungo.