Hisa ya ubongo, akili na kasi ya mwitiko

Ubongo wa tembo wa Afrika hufika kilo 4.7 hivi, wa binadamu ni kama kilo 1.35. Kwa ukubwa peke yake, tembo anatuzidi zaidi ya mara tatu. Tukiangalia ubongo ni sehemu gani ya mwili, panya wa nyumbani wa gramu 20, mwenye ubongo wa gramu 0.4, anatukaribia sana: kwake ni sehemu moja ya 50, kwetu ni moja ya 48. Vipimo vyote viwili vinatukwamisha, ndiyo maana wanabiolojia wakatafuta cha tatu.

Kimataifa kipimo hicho huitwa kwoshenti ya ensefalizesheni, kwa kifupi EQ. Kilienea kupitia kitabu cha mwaka 1973 cha Harry Jerison, mtaalamu wa Marekani. Napendekeza tukiite hisa ya ubongo. Katika hesabu, hisa ni jibu la kugawanya; katika mazungumzo ya kila siku, ni fungu la mtu. Maana zote mbili zinafaa hapa, kwa sababu tunagawanya ubongo alionao mnyama kwa ule unaotarajiwa katika mwili wa ukubwa wake, ndipo tuone kama fungu lake limezidi au limepungua.

Kwa mamalia, kanuni ya Jerison ni hii: chukua uzito wa mwili kwa gramu, upe kipeo cha theluthi mbili, kisha zidisha kwa 0.12. Kwa kipeo hicho, mwili ukikua mara nane, ubongo unaotarajiwa hukua mara nne tu. Mtu wa kilo 65 hutarajiwa kuwa na ubongo wa gramu 194. Kwa kuwa anazo 1,350, hisa yake ni karibu 7. Sokwe wa kilo 45 mwenye ubongo wa gramu 400 hupata 2.6, na tembo wa tani 5 hupata 1.3. Paka yuko kwenye 1. Yule panya aliyetukaribia anashuka hadi chini ya 0.5.

Wapo wanaoiita hisa hii kipimo cha akili. Jina hilo tumeshayapa majaribio wanayofanyiwa watu, na tena linaahidi mambo ambayo hesabu haiwezi kuyatoa. Kima wa Amerika aitwaye kapuchini ana hisa kubwa kuliko gorila, lakini katika majaribio ya nyani na jamaa zao, ukubwa halisi wa ubongo hubashiri ufanisi vizuri zaidi kuliko hisa. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ubongo wa kasuku na kunguru umesongamana seli za neva kuliko ubongo wa kima wenye uzito uleule. Tembo naye ana seli hizo bilioni 257, lakini takriban asilimia 98 ziko kwenye serebelamu, sehemu ya nyuma inayosaidia kuratibu mwendo.

Kwa wanyama waliotoweka, tahadhari lazima iongezeke. Dinosaria aitwaye Giraffatitan alichimbuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, Tanzania, kati ya 1909 na 1913, na mifupa yake imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Ubongo wake ulioza. Kinachopimwa ni uwazi wa fuvu. Kwa reptilia wengi ubongo haujazi uwazi huo, na Jerison alipokadiria dinosaria alichukua nusu yake. Uzito wa mwili nao umekadiriwa kuanzia tani 20 na kitu hadi karibu 80. Tofauti hiyo pekee yatosha kubadilisha hisa zaidi ya maradufu, hata fuvu halijaguswa.

Kasi ya mwitiko ni jambo jingine kabisa. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alipima kasi ya taarifa katika neva za chura mwaka 1850 akapata takriban mita 27 kwa sekunde. Neva za tembo zenye kasi zaidi hufikia kama mita 70. Tukimkopesha Giraffatitan wa mita 22 kasi ya tembo, taarifa ingetoka ncha ya mkia hadi kichwani kwa sekunde 0.3, na amri ya kurudi ingechukua muda kama huo. Lakini mnyama mwenye uti wa mgongo hasubiri ubongo kwa kila kitu: mwitiko wa ghafla huamuliwa na ugwemgongo wenyewe, yaani neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo. Kentrosaurus, dinosaria mwingine wa Tendaguru, ana mfereji mpana wa uti nyongani, na uwazi wa aina hiyo uliwahi kudaiwa kuwa makao ya ubongo wa pili. Ndege wana upana kama huo mahali hapohapo, nao umebeba tishu yenye glikojeni.

Kwa hiyo nawasihi walimu na waandishi wenzangu tutenganishe istilahi hizi tatu. Hisa ya ubongo iandikwe pamoja na uzito wa mwili na kanuni iliyotumika. Kasi ya mwitiko iandikwe kwa sekunde. Neno akili tuliwekee mnyama ambaye matendo yake yameshuhudiwa. Mtoto anayesoma habari za Tendaguru anastahili kujua mfupa unasema nini, na unaishia wapi.